Impreza ya Zamani Inachemsha? Tafuta Ugonjwa Nyumbani Kabla Hujanunua Spea

Malalamiko ni yaleyale kila mara, awe mwenye gari anakaa Njiro ya Arusha au Pasua ya Moshi: "Nimebadilisha rejeta, nimeweka wota pampu mpya, fundi kaing'oa na themostati, na bado inachemsha. Ninunue nini tena?"

Usinunue kitu. Spea mbili zimeingia, moja imeng'olewa, na hakuna aliyepima hata mara moja. Gari inayochemsha ina sababu chache tu, na nyingi kati ya hizo unaweza kuzikamata uani kwako kwa vifaa visivyofika bei ya rejeta.

Mwongozo huu ni wa Subaru Impreza zenye injini ya EJ20, zenye turbo na zisizo na turbo, hasa WRX za GC8 na GD (namba za matoleo mawili ya zamani). Mwenye Forester au Legacy ya injini hiyohiyo anaweza kuufuata karibu wote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jeki na stendi mbili za chuma. Tofali halihesabiki, hupasuka bila kuaga.
- Spana na soketi za 10 na 12, bisibisi bapa, na plaizi ya kubana klempu za mipira ya maji.
- Maltimita, hata ile ya bei ya chini.
- Kipimajoto cha mionzi cha mafundi, kinachosoma angalau mpaka nyuzi 150. Kile cha kupima paji la uso kilichobaki tangu korona hakifai, kinaishia nyuzi arobaini na kitu.
- Kipimajoto cha kuzamisha cha jikoni, pamoja na sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni tena.
- Glavu ya mpira ya hospitali na raba bendi.
- Beseni pana, faneli na kitambaa kizito.
- Kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya injini za alumini. Soma chupa ujue kama ni ya kuchanganya na maji au imeshachanganywa tayari.
- Maji ya betri kama lita tano, kwa kuchanganyia. Soma lebo mara mbili: dukani asidi ya betri nayo hukaa kwenye chupa zinazofanana, rafu ileile.
- Kifuniko kipya cha rejeta chenye namba ya presha ileile ya gari lako.

Hicho kifuniko ndicho spea pekee ninayokuruhusu kununua kabla ya kupima. Nyingine zisubiri.

## Mambo mawili ya kuogopa

La kwanza ni kufungua kifuniko injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo ndani yamebanwa na presha, yanaweza kuwa na joto la nyuzi 105 bila kuchemka. Ukifungua, presha inatoka na maji yanachemka ghafla na kuruka nje pamoja na mvuke, uso wako ukiwa juu yake. Subiri saa nzima au zaidi. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mlaini na hauunguzi mkono, weka kitambaa, zungusha kifuniko hadi kituo cha kwanza, sikiliza, ndipo umalizie.

La pili ni kulanti yenyewe. Ni sumu, na ina ladha tamu. Mbwa na watoto huinywa. Beseni usiliache uani hata dakika moja ukienda kupokea simu, na usiimwage mtaroni. Itie kwenye dumu, ifunge, uiandike.

Na feni za umeme zinaweza kuanza zenyewe hata ukiwa umezima injini. Ukitaka kuingiza mkono hapo, chomoa kwanza waya hasi wa betri.

## Hatua ya 1: Inachemsha wakati gani?

Kabla ya kufungua boneti chukua karatasi ujibu swali hilo. Ndilo linalookoa pesa kuliko kifaa chochote.

Kama inachemsha kwenye foleni ya Sanawari jioni lakini ukitoka barabara kuu mshale unashuka wenyewe, tatizo ni upepo. Ukikimbia, hewa inajipitisha yenyewe kwenye rejeta. Ukisimama, feni ndiyo inayotakiwa kuivuta. Anza na Hatua ya 5.

Kama foleni haina shida lakini mlima unaimaliza, mathalani unapoipandisha Marangu kutoka Njia Panda ya Himo, basi joto ni jingi kuliko maji yanayozunguka. Hapo washukiwa ni rejeta iliyoziba ndani, themostati (valvu inayofunguka kwa joto ili maji yapite) isiyofunguka sawasawa, au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku.

Kama inachemsha dakika chache baada ya kuwasha, kila siku, hata barabara tambarare, fikiria hewa iliyonasa, maji pungufu, au themostati iliyokwama imefungwa kabisa.

Na kama mshale unaruka ghafla juu, unarudi, unaruka tena, huku hita ikipuliza mara moto mara baridi, hiyo ni hewa. Hita inakosa maji ya moto kwa sababu kuna pengo la hewa linalozunguka nayo.

Onyo moja kuhusu mshale wa Subaru: umetengenezwa ukae katikati kwa tofauti kubwa ya joto, dereva asiwe na wasiwasi wa bure. Ukiuona unapanda, tayari injini imeshaumia joto kwa muda. Anayesema "ulipanda kidogo tu nikaendelea" hajui alichokiendesha.

Hatua hii imekamilika ukiwa na sentensi moja iliyoandikwa: inachemsha wakati fulani, ikiwa katika hali fulani, AC ikiwa imewashwa au haikuwashwa.

## Hatua ya 2: Kagua ikiwa baridi asubuhi

Fanya alfajiri kabla ya kuwasha. Fungua kifuniko utazame kiwango. Tenki la akiba lisikudanganye. Linaweza kuwa limejaa wakati rejeta yenyewe imepungua. Hali hiyo, akiba juu na rejeta chini, ina maana maji yanasukumwa nje lakini hayarudi. Iandike, tutaihitaji.

Tazama rangi. Kulanti nzuri inang'aa na inapitisha mwanga. Ikiwa kahawia kama chai ya rangi, mtu aliweka maji ya bomba kwa muda mrefu na kutu inazunguka humo. Ikiwa na utelezi wa mafuta juu, au kijiti cha oili kimetoka na povu la rangi ya maziwa, usiwashe gari. Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Kisha fuata nyayo za maji. Kulanti ikikauka huacha unga mweupe au wa kijani. Tafuta kwenye maungio ya mipira, kwenye mstari ambapo plastiki ya juu ya rejeta inakutana na alumini, na chini ya kava la mkanda wa taimingi. Plastiki hiyo ikiwa imegeuka kahawia na imekauka, siku zake zinahesabika hata kama leo haivuji. Unga ukiwa chini ya kava la taimingi, wota pampu inavuja.

## Hatua ya 3: Glavu

Nimeiweka mapema makusudi. Kama gasketi ya hedi imekwenda, kila shilingi utakayotumia kwenye rejeta na themostati imepotea. Afadhali ujue sasa.

Injini iwe baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta. Kwa WRX yenye turbo fungua kile cha kitenki cha chuma kilicho juu ya injini, maana ndipo mahali pa juu zaidi. Hakikisha maji yamefika mdomoni. Vuta glavu juu ya mdomo huo, ifunge kwa raba bendi. Kisha bana kwa plaizi kile kimpira chembamba kinachokwenda kwenye tenki la akiba, la sivyo hewa itatokea huko na glavu italala tu.

Mwambie mtu awashe gari huku wewe ukitazama, mbali na feni na mikanda. Glavu inayotikisika kidogo ni kawaida. Inayojaa polepole sana nayo ni kawaida, maji yanatanuka kwa joto. Lakini ikisimama vidole vitano ndani ya sekunde chache, ikipiga kwa mdundo wa injini, hiyo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Zima. Jaribio lote lisizidi dakika mbili.

Tatizo la EJ ni kwamba gasketi iliyoanza kufa inaweza kutulia kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) na kuvuja pale tu injini inapobeba mzigo. Kwa hiyo glavu ikilala usishangilie bado. Ipandishe gari mlima mfupi, rudi, isimamishe, mtu aishike kwenye mzunguko 2,500 kwa dakika, nawe tazama ndani ya tenki la akiba. Mapovu yasiyokwisha ni dalili mbaya. Kesho yake asubuhi, kabla ya kugusa kitu, bonyeza mpira wa juu: ukiwa bado mgumu baada ya kulala usiku kucha, ndani kuna gesi ambayo haikuwa na njia ya kutoka.

Gereji nyingine zina kipimo cha maji ya bluu yanayowekwa mdomoni mwa rejeta. Yakigeuka njano, gesi ya injini imethibitika. Ukiweza kukipata, lipia. Kinamaliza ubishi.

## Hatua ya 4: Kifuniko, na kwa nini huku juu hakisamehe

Watu hukidharau kwa sababu ni kidogo. Sikiliza hesabu yake.

Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Maji yasiyobanwa huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama nyuzi 97. Sasa, themostati ya Subaru huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na hufunguka yote kwenye 91. Yaani gari isiyo na presha, ikiwa na maji matupu, imebakiwa na nyuzi nne tu kati ya kufanya kazi vizuri na kuchemka. Dar es Salaam gari hiyohiyo ingekuwa na nafasi mara mbili ya hiyo.

Kifuniko kizima cha baa 0.9 kinabana maji yale yale mpaka yasichemke kabla ya nyuzi 115 hivi. Kulanti nusu kwa nusu inapandisha zaidi. Ndiyo maana kuna magari yanayonunuliwa Dar yakiwa hayana shida, yakifika Usa River yanaanza kutoa mvuke, na mwenye gari anamlaumu aliyemuuzia.

Kukikagua: mpira wa chini usiwe na ufa wala kovu la mduara lililozama. Vuta kwa kucha ile valvu ndogo ya katikati. Itoke kidogo na irudi yenyewe. Hiyo ndiyo inayoruhusu maji kurudi kutoka tenki la akiba injini ikipoa. Ikikwama, unapata ile hali ya Hatua ya 2, akiba juu na rejeta chini, bila gasketi kuwa na kosa lolote. Na mipira ya rejeta utaikuta imenywea asubuhi.

WRX za turbo nyingi zina vifuniko viwili, cha kitenki na cha rejeta, na presha zake hazilingani. Usivibadilishane. Na usiweke cha presha kubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua plastiki ya rejeta ya zamani.

Umefaulu hapa ikiwa, baada ya safari na kupoa, kiwango kwenye tenki la akiba kinashuka chenyewe kurudi kilipokuwa.

## Hatua ya 5: Feni

Washa gari, washa AC. Feni zote mbili nyuma ya rejeta zinatakiwa kuzunguka. Ikizunguka moja, umeshapata sababu ya foleni.

Kwa ile iliyolala, chomoa soketi yake ya waya na upime kwa maltimita upande unaotoka garini, AC ikiwa bado imewashwa. Ukisoma volti 12 na zaidi, umeme unafika na mota ya feni ndiyo imekufa. Usiposoma kitu, rudi kwenye fyuzi, kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayowasha feni. Rilei usiinunue: hamishia mahali pake nyingine inayofanana nayo kwenye kisanduku hichohicho, uone kama feni itaamka.

Halafu fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Chukua ukurasa wa gazeti, usogeze mbele ya grili feni ikizunguka. Ukurasa unatakiwa kuvutwa na kunata. Ukisukumwa nje, feni inazunguka kinyume: mtu aliweka feni ya mtumba akageuza waya. Ukikimbia, upepo wa barabarani unapigana na wa feni katikati ya rejeta. Gari ya namna hii itabadilishiwa kila kitu na haitapona mpaka waya mbili zibadilishane nafasi.

Kuhusu ule mtindo wa kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote: kwa kufika nyumbani, sawa. Kuuacha hivyo, hapana. Unaficha rilei au sensa mbovu, na unaichosha feni ambayo ndiyo tegemeo lako.

## Hatua ya 6: Rejeta, nje halafu ndani

Nje. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na kati yake kuna mwanya mwembamba. Humo ndimo vumbi la kiangazi, mbegu za majani na mabawa ya kumbikumbi hukutana na mafuta kidogo yakawa blanketi. Kwa mbele hulioni. Fungua feni, utoe, umulike kwa tochi kutoka upande wa injini: usipouona mwanga ukipenya, umeziba. Osha kwa maji ya bomba ya kawaida ukielekeza kutoka injini kwenda nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi ya alumini, na yakilala hewa haipiti tena.

Angalia pia kava la plastiki la chini ya bampa. Kwenye Impreza nyingi liling'olewa zamani na halikurudishwa. Bila hilo, ukiwa kasi, hewa inatafuta njia rahisi ya chini badala ya kupita kwenye rejeta.

Ndani. Gari ikiwa na joto lake kamili na themostati imefunguka, pitisha kipimajoto cha mionzi juu ya rejeta, kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotokea. Joto linatakiwa kushuka taratibu. Ukikuta mstari au kona iliyo baridi ghafla kuliko jirani zake, maji hayapiti hapo. Usipime alumini inayong'aa, inakipotosha kipimo. Pima penye rangi nyeusi au bandika kipande cha utepe mweusi.

Rejeta iliyoziba ndani kwa kutu, ukiisafisha kwa dawa unapata nafuu ya muda. Ikiwa na zaidi ya mstari mmoja wa baridi, sasa ndipo ununue nyingine. Na ule unga wa kuziba matundu usiutie kabisa. Unaziba tundu moja linalovuja na kumi yasiyovuja, pamoja na hita.

## Hatua ya 7: Themostati kwenye sufuria

Kwenye injini hii ya kulala, themostati iko chini, pale mpira wa chini wa rejeta unapoingia kwenye wota pampu. Inua gari kwa mbele, weka stendi, weka beseni, fungua kizibo cha chini cha rejeta umwage maji. Legeza klempu, vuta mpira wa chini, fungua bolti mbili za spana ya 10. Kifuniko kinatoka na themostati pamoja na maji mengine, kwa hiyo usilale chini yake mdomo wazi.

Ukikuta nafasi tupu, fundi ameshapita.

Hoja ya kuing'oa ni kwamba "nchi yetu ni ya joto haihitajiki." Si kweli. Bila themostati injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inazidisha petroli, oili inajaa unyevu, na asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha utaiona gari inakunywa mafuta bila sababu. Zaidi ya hayo, kuing'oa hakutibu feni mbovu wala rejeta iliyoziba. Kunachelewesha tu mshale kupanda.

Ikiwepo, ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji ili ining'inie isiguse chini, kipimajoto kando yake, washa jiko. Tazama kwa makini kuanzia nyuzi 70. Kati ya 76 na 80 utaona ukingo wa diski ukiachana na fremu, upana wa unywele, na uzi unaweza kulegea. Kufikia 91 iwe imefunguka milimita nane au zaidi. Usisubiri nyuzi 100, Arusha hutazipata. Itoe ujionee ikijifunga inavyopoa.

Iliyofunguka nusu, iliyochelewa au isiyojifunga, tupa. Hapa mimi ni mkali: nunua ya orijino ya Subaru. Nyingi za kopi zina umbo dogo na springi dogo, na EJ haizipendi.

Kuirudisha: upande wa springi unaingia ndani ya pampu. Kale kapini kadogo kanakochezacheza kakae upande uleule kalikokuwa. Mpira wa kuzunguka uwe mpya, bila silikoni. Bolti zibane kwa kiasi, zinashika kwenye alumini.

## Wota pampu

Ipo nyuma ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo kuibadilisha peke yake ni kulipa kazi mara mbili. Kama haivuji, haipigi kelele na haina mchezo, iache. Mkanda ukifikia kilomita 100,000 badilisha vyote pamoja. Usipojua mara ya mwisho ilikuwa lini, hesabu kwamba haijawahi. Mkanda ukikatika kwenye EJ20 ya turbo, valvu na pistoni zinagongana.

## Hatua ya 8: Kujaza na kutoa hewa

Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia. Injini imelala, njia za maji ziko bapa, na hewa hupenda kubaki humo. Mtu anamimina lita tatu, maji yanafika mdomoni, anafunga. Mfumo unabeba karibu lita saba. Zilizobaki ni hewa.

1. Egesha gari pua ikitazama mlimani. Nusu ya mitaa ya Arusha inakupa mwinuko huo bure. Kama uko tambarare, inua mbele kwa jeki na stendi. Zungushia hita kwenye moto wa mwisho.

2. Changanya kulanti na maji ya betri nusu kwa nusu, kama si iliyochanganywa tayari. Usichanganye rangi mbili za chapa tofauti.

3. Fungua kizibo kidogo cha hewa kilicho kona ya juu ya rejeta, upande usio na mdomo. Usipokiona, baadhi ya rejeta za kopi hazina.

4. Vuta mpira wa juu upande wa rejeta, uinue, ujaze injini kupitia mpira huo polepole mpaka isipokee. Hii inaijaza injini kutoka juu na kuipa hewa nafasi ya kutoka. Rudisha mpira.

5. Jaza rejeta, kwa turbo, malizia kupitia kitenki cha juu. Mwendo uwe wa lita mbili kwa dakika, si zaidi. Bonyeza mpira wa juu na wa chini mara kwa mara, utaona mapovu. Kizibo cha hewa kikitoa maji matupu, kifunge.

6. Funga kifuniko, jaza tenki la akiba nusu. Washa gari, ipandishe mzunguko kati ya 2,000 na 3,000 mara tano au sita, kisha iache kwenye sailensa mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili.

7. Zima. Iache ipoe kabisa. Fungua, ongeza. Karibu kila mara itapokea tena, na wengine huirudia siku ya pili.

Umefaulu kama hita inapuliza moto usiokatika, mpira wa chini umepata joto baada ya wa juu, na husikii maji yakichuruzika nyuma ya dashibodi ukikanyaga mafuta.

## Hatua ya 9: Barabarani

Usiende Marangu siku ya kwanza. Kwa Arusha toka Sakina upande Ngaramtoni. Kwa Moshi barabara ya Kibosho inatosha. AC iwe imezimwa mara ya kwanza, imewashwa mara ya pili. Beba lita tano za maji na kitambaa.

Mshale ukipita mahali ulipozoea kukaa, zima AC, fungua hita yote, tafuta pa kusimama. Kama maji bado yapo na feni zinazunguka, iache kwenye sailensa dakika moja mbili. Kama kuna mvuke au maji yanamwagika, zima mara moja. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto. Hedi ya alumini hupinda.

Ukirudi salama, pima haraka: mpira wa juu uwe kati ya nyuzi 85 na 95 hivi, wa chini uwe na joto pungufu linaloonekana wazi. Vikilingana karibu kabisa, rejeta haipozi. Wa chini ukiwa baridi wakati wa juu unaunguza, maji hayazunguki.

Asubuhi inayofuata fungua kifuniko uangalie kiwango. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki moja. Kikibaki palepale siku tatu mfululizo, jaribu mlima mrefu.

## Ikiwa ni gasketi

Glavu ikijaa, maji ya bluu yakigeuka, au oili ikiwa na maziwa, kazi imetoka uani kwako. Kwa Impreza mara nyingi injini inashushwa ndipo hedi zifunguliwe vizuri, na hedi ziko mbili. Kabla ya kukubaliana bei na fundi, muulize haya:

Atabadilisha gasketi pande zote mbili? Anayetaka upande mmoja, mwache. Hedi zitapelekwa kwenye mashine kupimwa kama zimepinda, na utaonyeshwa kipimo kabla na baada? Upindaji unaokubalika uko chini ya sehemu ya kumi ya milimita, jicho haliuoni. Uso wa bloku nao utapimwa? Bolti zitakazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mpangilio na hatua za Subaru? Na mkanda wa taimingi, wota pampu na themostati vitawekwa humohumo injini ikiwa chini?

Asipokuwa na majibu, ivute gari mpaka kwa mwingine. Usiiendeshe.